Kona ya Afya: Je, Baba Anahitaji Sindano ya Homoni?

 

Mwezi huu kwenye sanduku la maswali tumekuta barua ya mama mmoja wa hapa kambini. Ametuomba tusitaje jina wala kijiji chake, na kwa ruhusa yake tunaeleza yaliyompata. Mume wake ana miaka 41. Anasema kwa muda wa miezi mitatu baba huyo hana nguvu, akitoka kwenye foleni ya posho analala tu, hataki maongezi, na mambo ya chumbani yamepoa. Basi baba akapata kibali, akaenda kupima damu mjini kwenye maabara ya kulipia. Alipimwa saa 10 jioni. Karatasi ikasema testosteroni ni 243. Hapo hapo akaambiwa imeshuka, achomwe sindano kila wiki 2, tena maisha yote!

Mama anauliza: tuuze unga na mafuta ya posho tulipie sindano? Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayeona haya, ameongeza: bado tunatafuta mtoto wa tatu.

Mstari huo wa mwisho ndio uliotupeleka zahanati mbio. Sisi ni walimu wa kujitolea, si waganga, kwa hiyo tulimwomba mganga atufafanulie polepole.

Testosteroni ni homoni ya kiume. Inatengenezwa kwenye korodani, lakini amri inatoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotuma homoni nyingine iitwayo LH, na hiyo ndiyo inaziambia korodani zifanye kazi. Sasa, testosteroni haikai mahali pamoja siku nzima. Asubuhi huwa juu, jioni hushuka. Ndiyo maana damu hutolewa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla mtu hajala. Baba yetu alipimwa saa 10 jioni, tena ameshapata chai na maandazi stendi.

Kuna jingine ambalo mama aliliandika kama jambo la kupita tu: wiki moja kabla ya kipimo, baba alikuwa amelazwa kwa malaria. Kumbe ugonjwa mkali unashusha homoni hii kwa muda, halafu mtu akipona inapanda yenyewe. Njaa na kukonda pia vinashusha, maana mwili usiopata chakula cha kutosha unaacha kwanza kazi ya uzazi. Hapa kambini posho ikipunguzwa, nani hajui hali inavyokuwa? Dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, na prednisoloni ikitumiwa muda mrefu, nazo zinashusha.

Halafu karatasi moja haitoshi. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2018, wanasema mtu ahesabiwe kuwa na upungufu kama yuko chini ya 300 kwa vipimo viwili, vya asubuhi mbili tofauti, na awe pia na dalili. Hiyo 300 ni nanogramu kwa desilita. Maabara nyingine zinaandika nanomoli kwa lita, na huko 300 inakuwa kama 10.4 tu. Tunawaambia hivi kwa sababu mtu akiona 11 kwenye karatasi yake na 400 kwenye ya jirani anaweza kukosa usingizi bure. Soma kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba, au mwombe mganga akusomee.

Sasa turudi kwenye mtoto wa tatu. Watu wengi wanadhani sindano ya homoni ya kiume inaongeza uzazi. Ni kinyume kabisa! Homoni ikitoka nje, ubongo unaona iko ya kutosha, unaacha kutuma LH, na korodani zinaacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano ya testosteroni kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yalitangazwa mwaka 1990. Kwa wanaume wengi mbegu zilikwisha kabisa. Ukiacha sindano, kurudi kwake kunaweza kuchukua miezi mingi. Tena sindano hiyo inaweza kuifanya damu kuwa nzito, hivyo anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara, na mwenye saratani ya tezi dume hapewi hivi hivi. Wale wanaouza dawa za nguvu sokoni hawasemi haya hata siku moja.

Lakini tusiseme kwamba hakuna anayehitaji. Mganga alituambia habari za mzee mmoja aliyeumia sehemu za siri wakati wa vita. Ndevu zilipungua, mifupa ikaanza kudhoofika. Asubuhi ya kwanza alikuwa na 118, ya pili 126, na LH yake ilikuwa juu sana. Maana yake ubongo unapiga kelele na korodani haziwezi kuitika. Huyo alipewa rufaa, na sindano zimemsaidia. Kama LH ingekuwa chini, wangeitafuta shida huko kwenye tezi ya kichwani. Matubwitubwi yakimpata mvulana mkubwa au mtu mzima yanaweza pia kuharibu korodani, kwa hiyo mwambieni mganga kama uliwahi kuugua.

Na baba wa barua yetu? Alisubiri mwezi mzima baada ya malaria, akapimwa tena saa 2 asubuhi, hajala kitu. Alipata 391. Sindano hahitaji. Ila kipimo kingine kilionyesha damu yake ni pungufu, na sukari iko sawa. Amepewa vidonge vya madini ya chuma. Pia alimwambia mganga jambo ambalo hata mama hakulijua: tangu apate habari za kaka yake aliyebaki nyumbani, halali usiku. Wiki hii ameanza kwenda kuongea na mshauri nasaha, na mama anamsindikiza.

Unga na mafuta havikuuzwa.

Sanduku la maswali bado liko mlangoni pa maktaba. Andikeni hata bila jina.