Eti Ajali Haina Kinga

Kuna msemo ambao kwangu umekwisha utamu: kwamba ajali haina kinga. Msibani sina ugomvi nao. Mfiwa hana budi apewe neno la kumtuliza. Ugomvi wangu ni pale unapotamkwa na meneja, damu haijakauka sakafuni, kabla hata hajauliza ufunguo wa foklifti alikuwa nao nani.

Nimekuwa karani wa ghala miaka mingi, Kurasini na kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo sisi wazee bado twaiita ya Pugu. Katika ghala moja, ambalo sitalitaja, ufunguo ulining'inia msumarini mlangoni. Dereva akienda kula, kibarua yeyote aliyejua kukanyaga mafuta alipanda, akapakia. Msimamizi aliona na akafurahi, maana lori halikusubiri. Jioni moja kijana alikata kona mzigo ukiwa juu. Mashine ikalala ubavu, naye akaruka upande uleule ilikoangukia. Mguu ulikatwa hospitali. Kwenye taarifa likaandikwa neno moja tu: uzembe. Uzembe wa nani? Hakuna aliyeuliza.

Wengi hudhani foklifti ni gari dogo lenye meno. Sivyo hata kidogo. Ile ya kunyanyua tani 2.5 yenyewe ina uzito wa kati ya tani 3.5 na 4, kwa kuwa nyuma imewekewa chuma kizito cha kusawazisha mzigo wa mbele. Hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake humfagia aliyesimama kando akidhani yu salama. Magurudumu ni manne, lakini ekseli ya nyuma imeshikwa katikati tu. Kwa hiyo kusimama kwake ni kama kwa kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja ukiwa nyuma. Pandisha mzigo, uzito unahamia juu, na kona moja ya haraka yatosha kuilaza. Ikianza kulala, aliyefundishwa hubaki kitini na mkanda wake, akaukamata usukani na kuegemea upande wa pili. Asiyefundishwa huruka, na paa la chuma humkuta chini. Haya mtu hazaliwi nayo. Anafundishwa.

Wenye maghala wana jibu lao, nimelisikia mara nyingi: ukimfundisha dereva atahamia bandarini kwenye mshahara mnono. Huenda. Basi mwongezeeni! Mbona lori la kampuni hamlikabidhi kwa asiye na leseni? Kwa sababu barabarani kuna trafiki. Ndani ya ua hakuna, na huko ndiko anakopatikana dereva wa bure.

Halafu kuna mabango. Ukutani pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba usalama kwanza, na chini ya bango hilohilo vibarua wanalipwa kwa idadi ya malori waliyopakia. Nani atakwenda polepole? Wanagawiwa kofia ngumu siku mkaguzi anapotarajiwa, kana kwamba kofia itazuia tani nne.

Sheria si kwamba hatuna. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu huu, na wakaguzi wa OSHA wapo. Tangu 2015 upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri huuchangia. Ni jambo jema. Ila nimeanza kuwasikia waajiri wakisema sasa mambo yamekwisha, mtu akiumia mfuko utalipa. Yule kijana angepewa fedha yoyote, angeipokea kwa magongo.

Ninachodai si kikubwa. Ufunguo ukae mfukoni mwa dereva mwenye cheti, naye akienda kula aende nao. Kibao cha uwezo wa mashine kisipakwe rangi, kisomeke. Malipo yawe ya siku, yasiwe ya lori. Na asubuhi dereva akisema breki hazishiki, leo mashine haitoki, asiambiwe basi na wewe kesho usije.