Mdomo ukipinda, kipimo kwanza ndio umbea ufuate

Staa akionekana tu mdomo umepinda, mitandaoni kesi imeshaisha. Huyu anasema karogwa, yule anasema ni unga. Hata kule Kasoli, Bariadi, hali ni hiyo hiyo: uso ukipooza upande mmoja, anatafutwa mchawi kabla ya daktari.

Jamani, mdomo kupinda kuna sababu nyingi. Inaweza kuwa kiharusi, na hicho ni cha kuwahi hospitali siku hiyo hiyo. Ila kuna mwingine hausikiki kabisa, unaitwa sakoidosisi. Kinga ya mwili inatengeneza vivimbe vidogo vidogo, mara nyingi kwenye mapafu. Mchekeshaji wa Marekani Bernie Mac, aliyefariki mwaka 2008 akiwa na miaka 50, alikuwa nao. Kwa wagonjwa wachache vivimbe vinafika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Hapo uso unapooza, macho yanafifia, wengine wanaanguka kifafa.

Ngoma nzito ni kuugundua. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotoa jibu. Daktari anahitaji picha ya kifua, MRI ya kichwa, maji ya uti wa mgongo, na mara nyingi kinyama kidogo kikaangaliwe kwenye darubini. Halafu unafanana na TB balaa: kikohozi, homa, kukonda, na vivimbe vyenyewe. TB kwetu ipo sana, kwa hiyo lazima ichunguzwe kwanza. Dawa kubwa ya sakoidosisi ni prednisoloni, na inashusha kinga. Ukimpa mwenye TB ambaye hatumii dawa za TB, umemmaliza.

Kwa hiyo daktari akisema "bado tunachunguza", sio kwamba hajui kazi. Na mgonjwa akimaliza dozi ya TB bila nafuu, arudi hospitali aombe rufaa, hata kama ni mpaka Bugando, Mwanza. Tatizo familia nyingi zinafika huko mikono mitupu. Ng'ombe wa kwanza kaenda kwa mganga, wa pili vile vile, na muda wote huo mishipa inazidi kuharibika. Mingine haiponi tena.

Staa ana hela, umbea utapita na atatibiwa. Wa Kasoli umbea huo huo unamla ng'ombe, unamla na macho. Wadau, mnasemaje?