Usimwite Mlafi Upesi

Labda unamjua mama wa namna hii, au ni wewe mwenyewe. Wakati wa Kwaresima alijinyima kweli kweli: asubuhi uji bila sukari, jioni ugali kidogo na mboga. Gauni likaanza kumpwaya, akafurahi. Kumbe Pentekoste haijafika, uzito wote umerudi, na kisimani wanamcheka kwamba ameshindwa na tumbo. Naye akaenda kuungama ulafi.

Ulafi ni mmoja wa mizizi ya dhambi, sikatai. Lakini kusikia njaa si dhambi. Mwilini mna homoni, nazo ni kama wajumbe wanaosafiri katika damu. Mmoja ni leptini, aliyegunduliwa New York mwaka 1994. Hutoka katika mafuta ya mwili, na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwingine ni grelini, ambaye Wajapani walimtambua mwaka 1999. Huyu hutoka tumboni, na kazi yake ni kudai chakula.

Sasa mtu akikonda, leptini hupungua na grelini huzidi. Ubongo haujui kwamba umejinyima kwa hiari. Unadhani njaa imeingia nchini. Mwaka 2011 madaktari wa Melbourne, Australia, walitoa habari za watu 50 walioanza kula chakula kidogo sana kwa majuma 10. Walipungua kilo 13 na nusu kwa wastani. Wale waliofuatwa hadi mwisho wa mwaka, homoni zao zilikuwa bado zinadai chakula, na njaa yao ilizidi ile ya kwanza. Mwaka mzima, ndugu zangu!

Basi, baba, usimcheke mkeo. Nawe mama, usijitese kwa njaa ya ghafula. Punguza polepole: sukari kwanza, na mafuta ya kukaangia, maharage na mboga za majani usiziache. Tena lala vya kutosha, maana kukosa usingizi huamsha njaa (mwenye mtoto mchanga atanicheka hapa, najua).

Lakini kama unanenepa wala huli sana, unachoka, choo ni kigumu, na unasikia baridi wenzako wakitoka jasho, nenda hospitali wakupime damu. Pengine tezi ya shingoni haitoi homoni yake ya kutosha. Ugonjwa huo una vidonge vyake, humezwa kila siku asubuhi kabla ya kula.