Uvimbe Upigwe Picha Kabla ya Kisu



Sisi tunaobeba magunia na kusukuma matoroli, mguu ukivimba tunasema ni kazi. Zahanati ya shamba hutupa dawa ya kuchua, na kesho yake tunarudi kazini. Mara nyingi ni kazi kweli. Lakini uvimbe usioacha kukua, au uliopita sentimita 5, na maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtu usiku, huweza kuwa dalili za sarkoma, yaani saratani ya mifupa au ya nyama laini. Ni ugonjwa wa nadra, ndiyo maana husahauliwa.

Kosa kubwa ni kuupasua uvimbe kama jipu kabla ya kuupiga picha. Kisu hicho huweza kutawanya chembe za ugonjwa. Eksrei huanza kuonyesha mfupa. MRI huonyesha misuli, mishipa na neva zilizoguswa. CT ya kifua hutazama mapafu, maana huko ndiko sarkoma hupenda kuenea. Kisha kinyama kidogo hutolewa kwa sindano kikapimwe, kwani picha peke yake haithibitishi saratani.

Iko pia mashine inayounganisha PET na CT, ambayo ya kwanza ilianza kufanya kazi Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, hivyo hung'aa katika picha ya PET, na CT huonyesha ni mahali gani hasa. Kwa baadhi ya sarkoma, daktari hujua ugonjwa umefika wapi. Lakini nguvu ya dawa hiyo hupungua nusu kila dakika 110, hivyo haiwezi kutengenezwa mbali na mgonjwa. Mashine hizo ziko katika miji michache, kama Nairobi.

Je, kibarua wa chai au miwa atafikaje huko? Ruhusa hana, nauli hana, na siku asiyofanya kazi halipwi.

Kwa hiyo tunasema wazi: mikataba yetu na waajiri itaje rufaa ya haraka, nauli, na ruhusa ya ugonjwa yenye malipo hadi vipimo viishe. Nasi matawini tusimwache mwenzetu achue uvimbe miezi sita. Tumsindikize hospitali, na tuulize kabla hajakatwa: picha iko wapi?