Kosa la Diski Lisifichwe

Zahanati za Ukerewe na Sengerema, mkoani Mwanza, huandika hesabu za wagonjwa katika vitabu vya MTUHA. Kisha takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao huzihifadhi kwa programu ya PostgreSQL. Je, ni nani athibitishaye kwamba zimefika diskini?

Programu ya kuhifadhi takwimu haiziandiki diskini yenyewe. Huzikabidhi kwa mfumo endeshi wa kompyuta, nao huziweka kwanza katika kumbukumbu ya muda. Mwaka 2018 ilidhihirika kwamba, diski ikishindwa kuandika, mfumo endeshi wa Linux uliweza kulitaja kosa mara moja tu, kisha ukayahesabu maandishi hayo kuwa yamekwisha hifadhiwa. PostgreSQL ilipouliza tena ilijibiwa kuwa mambo ni shwari, ilhali takwimu zimepotea.

Marekebisho yalitolewa Februari 2019. Sasa PostgreSQL ipatapo kosa hilo husimama papo hapo, ikaanza upya na kuyarudia maandishi kutoka katika daftari lake la matukio.

Wako watakaonung'unika kwamba kusimama huko huchelewesha kazi. Hata hivyo, karani akiriye kosa ni bora kuliko afungaye daftari kwa hesabu ya uongo. Basi matoleo ya zamani yaachwe, nakala za akiba zijaribiwe mara kwa mara, na vitabu vya MTUHA vitunzwe.