Vijana wa Vyuo, Tuseme Tueleweke

Mwanafunzi akiingia chuo kikuu katika nchi hii, awe anasoma sheria, uhandisi, kilimo au ualimu, aghalabu hana budi kupita katika kozi ya stadi za mawasiliano. Huisoma mwaka wa kwanza, katika ukumbi uliojaa hadi milangoni, kipaza sauti kikikwaruza, naye akiwa na haraka ya kuimaliza ili ashughulikie masomo anayoyaita ya maana. Wengi huihesabu kuwa kozi ya kupandishia GPA. Wakishafaulu huwaachia madesa wanaoingia, na habari ya mawasiliano inakuwa imekwisha. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nayaona haya kila muhula, na nasema wazi kwamba tunafaulu mtihani wa mawasiliano huku kuwasiliana kwenyewe kukitushinda. Sababu kubwa ni kwamba hatujakubali jambo moja: kazi ya kueleweka ni ya yule anayesema. Msikilizaji akitoka mikono mitupu, wa kuulizwa kwanza ni msemaji.

Tazameni tunachokariri. Swali ambalo halikosekani ni lile la mchoro wa mawasiliano: mtuma ujumbe upande huu, mpokeaji upande ule, katikati njia, na juu yake kelele. Tunauchora kwa rula, tunapata alama zetu. Wachache huambiwa kwamba chimbuko la mchoro ule ni kazi ya Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, aliyoichapisha mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikatoka kitabu pamoja na maelezo ya Warren Weaver. Shannon alikuwa akitafuta namna ya kupitisha ishara katika njia ya simu bila kupotea, na tangu mwanzo alieleza kwamba maana ya ujumbe haikuhusu tatizo lile la kihandisi. Sisi tunachukua hesabu ya waya, tunaimeza, kisha tunadhani tumejifunza kuzungumza na watu. Simu ikifikisha sauti imemaliza kazi. Mtu akifikisha sauti, ndiyo kwanza kaanza.

Ingieni katika semina siku ya presentesheni mjionee. Kundi la watu kumi linapanda mbele. Aliyetengeneza slaidi ni mmoja, na anayeongea ni huyohuyo. Wenzake wamejipanga nyuma yake kama wanaosubiri kupigwa picha. Slaidi imejaa maneno toka juu hadi chini, kwa herufi ambazo walioketi safu ya tatu hawazioni. Msemaji anawapa wasikilizaji kisogo, anasoma ukutani neno kwa neno, mbio mbio, dakika zisije zikamwishia. Akimaliza anauliza kama kuna swali. Kimya. Anashukuru, makofi yanapigwa, kundi lingine linaitwa.

Niliwahi kulishuhudia kundi moja likieleza mfumuko wa bei kwa lugha ya kitabuni, bila kukwama hata mahali pamoja, mpaka mhadhiri akauliza kwa upole: yule mama anayewauzia vitumbua pale getini, mfumuko wa bei unamfikiaje? Wakatazamana. Mama yule hakuwa amepandisha bei. Alikuwa amepunguza kitumbua, kimekuwa kidogo kuliko cha mwaka jana, na wengi wa kundi lile walikuwa wamekila asubuhi ileile. Jibu walikuwa nalo tumboni, ila hapakuwa na aliyewahi kuwaambia kwamba somo lao linamhusu mtu wanayemjua.

Najua utetezi utakaokuja, nao ni Kiingereza. Siudharau. Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka lugha kwa mpigo mmoja. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na serikali ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya lugha hiyo katika shule zetu, wakakuta wanafunzi wengi hawaiwezi kiasi cha kufuatia masomo yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikuja kuzipa nafasi lugha zote mbili, lakini karatasi za mtihani wa kidato cha nne, ukiondoa Kiswahili na masomo machache, bado ni za Kiingereza. Kijana aliyepita njia hiyo hujifunza mapema kwamba usalama wake uko katika kuirudisha sentensi ya daftari kama ilivyo, bila kuigusa. Akija chuo anakuja na tabia hiyo. Hasomi slaidi ukutani kwa uvivu. Anaogopa kuiachia sentensi ya watu akabaki na yake mwenyewe.

Na hofu hiyo sisi wenyewe ndio tunaoilisha. Mtu akichapia neno moja, ukumbi mzima unaangua kicheko, na kabla ya magharibi amekwishageuzwa stika katika kundi la WhatsApp la darasa. Kesho hanyooshi mkono, wala jirani yake hanyooshi. Swali alilokuwa nalo lilikuwa la nusu ya darasa, sasa wote wanaondoka nalo hadi siku ya mtihani. Wachekaji, nawaambieni bila kuficha, wengi wenu hamjauliza hata swali moja tangu mlipofika chuoni. Mnamcheka mwenzenu aliyefanya kazi mliyoikimbia. Acheni.

Hata hivyo Kiingereza kisitwishwe mzigo wote. Mpeni mwanafunzi huyohuyo karatasi aandike barua ya Kiswahili kwa mtendaji wa kata, kuomba ruhusa ya kukusanya data. Ataanza kwa YAH: OMBI LA RUHUSA, na chini yake, kama ilivyo ada, atamtaka mtendaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Itafuata aya ya kumtakia afya njema na kumpongeza kwa ujenzi wa taifa. Kisha jina la chuo, la idara, la shahada, na mada ya utafiti iliyotafsiriwa hivi kwamba hata aliyeitafsiri haitambui. Mtendaji yule ana watu barazani wanaogombea mpaka wa shamba. Anatafuta vitu vichache tu katika barua: unataka nini, utakuja lini, utaongea na akina nani. Tarehe haimo. Namba ya simu haimo. Barua inarudi kwenye jalada, na kijana anarudi chuoni akilalamika kwamba viongozi wa vijijini hawathamini elimu.

Shaaban Robert hakukanyaga chuo kikuu. Alikuwa karani wa forodha, na kwa miaka mingi alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua ambazo baadaye zilikusanywa zikachapishwa kitabu. Ziko za shida za kawaida kabisa, na ukizisoma leo huhitaji kuuliza mwandishi alitaka nini. Alimjua anayemwandikia, akamwandikia yeye.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni namna tunavyokwenda kuwauliza wazee wetu. Tukienda fildi tunabeba dodoso. Limetungwa kwa Kiingereza, limegeuzwa Kiswahili usiku wa kuamkia safari, na ndani yake mna vile viwango vya moja hadi tano: nakubaliana sana, nakubaliana kiasi, sina hakika, na kuendelea. Katika kijiji kimoja mkoani Morogoro nilikuwapo mwenzetu alipomwuliza mzee mmoja, tumeketi chini ya mwembe wake, "Mzee, kwa kiwango cha moja mpaka tano, umeridhika kwa kiasi gani na utoaji wa huduma za ugani?" Mzee akafikiri. Akasema, "Mwanangu, bwana shamba hajafika hapa tangu mvua za mwaka juzi. Hiyo ni namba ngapi?"

Mwenzetu aliandika moja, akaendelea na swali la kumi na mbili. Fikirini hapo. Mzee alikuwa amempa habari ambayo wizara ingetaka kuisikia: muda, mtu, mahali, upungufu. Angeulizwa kwa nini bwana shamba hafiki, pengine angesema pikipiki yake mbovu, au kata anayohudumia ni kubwa mno, au walikosana. Hakuulizwa. Kile kilichoingia kwenye kompyuta ni tarakimu moja, na kwenye ripoti itakuwa asilimia, na kwenye mahafali tutavaa joho. Tulikuwa tumefundishwa kuandaa dodoso na kutofautisha maswali funge na maswali wazi. Kumsikiliza mtu anayejibu ndiko hatukufundishwa, au tulifundishwa tukadhani haimo kwenye mtihani. Kwangu mimi, kusikiliza ndiyo nusu kubwa ya stadi hii, maana huwezi kusema ukaeleweka na mtu usiyejua anasimama wapi.

Haya ya ujumbe wa simu nayapita haraka kwa kuwa kila mtu anayajua. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne anapokea saa tano za usiku ujumbe usemao, "Mambo dr, matokeo yangu hayapo." Nani huyu? Somo gani? Kipimo cha kwanza au cha pili? Shikamoo haigharimu bando, wala jina kamili na namba ya usajili havigharimu. Anayeandika hivyo baadaye hulalamika kwamba walimu hawajibu. Kuna walimu wasiojibu kweli, na hao nitawafikia.

Kabla ya hapo nimtaje Mwalimu Nyerere, kwa sababu kuna watu wanaoamini kwamba kusema kwa wepesi ni kuishusha elimu. Nyerere alikuwa na shahada ya Edinburgh aliyoipata 1952. Alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili: Julius Caesar, 1963, na Mabepari wa Venisi, 1969. Mtu huyo, alipotaka kueleza jinsi biashara ya dunia inavyowanyonya wakulima wa nchi maskini, alikuwa akipima bei ya trekta kwa tani za katani: jana ulitoa tani hizi ukapata trekta, leo trekta lilelile unaongezwa tani. Wachumi wana istilahi zao za jambo hilo na majedwali yake. Mkulima wa Korogwe hakuhitaji istilahi. Katani aliikata kwa mikono yake na trekta aliliona. Wala hoja haikupungua uzito hata kidogo. Wapo watakaosema kile kilikuwa kipaji. Huenda. Lakini kabla hajawa kiongozi alikuwa mwalimu wa darasani, na mwalimu wa kweli huijua sura ya mwanafunzi ambaye hajaelewa, akarudia kwa njia nyingine bila kugomba.

Basi, ndugu zangu, kazi hii tunaweza kuianza pasipo kungoja sera. Pale kwenye vimbweta tunapojisomea jioni, badala ya kila mtu kuinama na madesa yake, mmoja asimame awaeleze wenzake alichokisoma leo, vitabu vimefungwa. Mwanafunzi wa famasia amweleze wa sheria kwa nini dozi ya antibiotiki humalizwa hata kama homa imeshuka. Wa sheria amweleze wa famasia dhamana ni nini na kwa nini si sawa na kufutiwa kesi. Asiyeelewa aseme sijaelewa, na anayeeleza asinune. Ukienda likizo, mweleze mama yako unasomea nini, mpaka yeye aweze kumweleza jirani. Ukishindwa, rudi kwenye vitabu. Inawezekana somo hilo hujalielewa wewe mwenyewe, umelizoea tu.

Kwenu wahadhiri wetu, kwa heshima zote. Tunajua kumbi zimefurika na karatasi za kusahihisha hazina mwisho. Lakini mnapompa alama za juu anayerundika maneno mazito, na kumshusha aliyesema jambo lilelile kwa sentensi fupi, darasa zima linaona na kujifunza. Mwanafunzi anayeuliza akijibiwa kwamba hilo alipaswa kulijua tangu sekondari, hatauliza tena, wala wenzake hawatauliza. Nanyi pia mnapozungumza mna kazi ileile ya kueleweka.

Nina ombi moja kwa wanaopanga mitaala. Mchoro wa Shannon ubaki, hauna ubaya. Ila nusu ya alama za kozi hii zitolewe nje ya ukumbi. Kila mwanafunzi apewe jambo moja la fani yake, aende akalieleze kwa kikundi cha akina mama wa vikoba, au kwa waendesha bodaboda kijiweni, au kwa mkutano wa kijiji, kwa dakika kumi, bila slaidi. Kisha wasikilizaji waulizwe wamesikia nini, na majibu yao ndiyo yasahihishwe. Ambaye hakueleweka, asapu.