Ukoo wa siasa, uamuzi wa mtoto

Wazazi wengi hutamani mtoto afuate nyayo zao. Ukoo wa Layton wa Canada unaonyesha kwamba nyayo hufuatwa kwa njia nyingi.

Robert Layton alikuwa waziri katika serikali ya chama cha Progressive Conservative. Mwanawe Jack hakukifuata chama hicho. Alianza kama diwani wa Jiji la Toronto mwaka 1982, na baadaye akakiongoza chama cha NDP. Mkewe, Olivia Chow, naye alikuwa diwani, na mwaka 2023 alishinda umeya.

Mike, mtoto wa Jack na wa kambo kwa Olivia, alichaguliwa diwani mwaka 2010. Mwaka uliofuata baba yake alifariki dunia kwa saratani. Mike alitumikia hadi 2022, kisha hakugombea tena. Alisema anataka muda zaidi na familia yake, na watoto wake walikuwa bado wadogo.

Mzazi, jina la ukoo humfungulia mtoto mlango, lakini kazi ataifanya mwenyewe. Mfundishe kutumikia watu, chama achague mwenyewe. Na siku akiamua kurudi nyumbani kulea, usiseme ameuangusha ukoo.